Moyo ukisimama nyumbani, usianze na gari

Nafanya kazi ya uuguzi kwenye chumba cha dharura hapa Unguja, na kuna jambo linaniuma kila linapotokea. Mtu kaanguka nyumbani kwake Fuoni au Bububu, jamaa wamembeba mbio mpaka garini, gari imekwenda taa zinawaka mchana kweupe, na njia nzima hakuna aliyemgusa kifua. Wakifika kwetu wananisihi: "Dada yangu, mpigeni sindano."

Sindano wanayoitegemea ni adrenalini, dawa ya kuamsha moyo, miligramu 1 kila baada ya dakika 3 hadi 5. Uingereza waliijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 8,000 waliosimama moyo nje ya hospitali, wengine wakipewa dawa, wengine maji ya chumvi yasiyo na dawa, na majibu yakatolewa 2018. Waliokuwa hai baada ya siku 30 ni asilimia 3.2 kwa waliopata dawa na 2.4 kwa wasiopata. Tena katika walionusurika, walioathirika vibaya ubongo walikuwa wengi zaidi upande wa dawa. Kabla yao, Kanada, katika jimbo la Ontario, walikwishakuwa na utaratibu wa kumstua mgonjwa moyo kwa umeme mapema. Wakaongeza mipira ya kupumulia na dawa za mshipani, na mwaka 2004 wakatoa matokeo: wanaopona hawakuongezeka. Hao ni watu ambao gari zao za wagonjwa zina kila kitu.

Kinachookoa ni mikono kifuani tangu dakika ya kwanza, na mashine ya kustua moyo pale ilipo. Kila dakika inayopita bila ya hayo, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Toka Nungwi mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja mjini ni zaidi ya saa moja. Hata hospitali ya Kivunge, iliyo karibu, si mwendo wa dakika 5.

Kwa hivyo mtu akianguka, ukimwita haitiki, hapumui au anakoroma kwa pumzi za kukatikakatika, anza. Kukoroma huko kunawadanganya wengi wakasema bado anapumua. Mteremshe kitandani umlaze chali sakafuni, kwani godoro linameza nguvu zako. Weka kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, nyoosha viwiko, kandamiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara kiache kifua kinyanyuke chote. Inachosha sana, basi pokezaneni kila baada ya dakika 2. Ukisikia ubavu unavunjika, endelea. Mwengine ndiye atafute gari.

Aliyezama baharini ana lake: moyo wake umesimama kwa kukosa hewa, kwa hivyo mpulizie pumzi 5 mdomoni kwanza, ndipo ukandamize. Msimning'inize kichwa chini wala kumminya tumbo ili maji yatoke.

Najua wapo watakaotaka kumshahadisha na kumsomea Yasini. Anayesoma na asome, akae upande wa kichwani. Kifuani muachieni anayekandamiza.

Muombeni muuguzi wa kituo chenu aje siku ya Ijumaa baada ya sala awaonyeshe kwa vitendo. Na kina mama na vijana wa madrasa waitwe pia, maana mchana wao ndio wanaokuwapo nyumbani.