Moa iliyogonga jiwe: fungua flaiwili kabla hujaiuza

Ndugu yangu wa Mtwapa, umesema moa yako, mashine ya kukata nyasi, iligonga jiwe ikazima papo hapo, na sasa ukivuta kamba inakunyang'anya mkono. Dukani wamekwambia spea za injini hiyo haziletwi tena, ununue mpya. Ngoja kwanza. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, na nusura niiuze yangu kwa watu wa vyuma chakavu.

Natunza viwanja vya nyumba za kupangisha hapa Nyali, Mombasa, mwaka wa tisa huu. Ardhi yetu unaijua: chini ya nyasi ni matumbawe, na kila masika mvua ikiosha udongo, ncha za mawe zinachomoza. Bledi ikikutana nayo ghafla, mara nyingi kinachoumia ni kii, kile kipande kidogo kinachoshika flaiwili, gurudumu zito lenye sumaku, isizunguke peke yake juu ya kranki, yaani shafti kuu ya injini. Kii ikipinda kidogo tu, sumaku ya flaiwili inapita kwenye koili inayotoa umeme wa cheche wakati si wake. Cheche inapiga mapema mno, pistoni ikiwa bado inapanda, ndiyo maana kamba inakuvuta. Plagi itawaka vizuri, petroli ipo, injini haitaki. Fundi asiyefungua flaiwili atakusafishia kabureta mpaka uchoke.

Nilipeleka vipande vya kii kwa mzee mmoja wa lethi, mashine ya kuchongea vyuma, kule Changamwe. Nikaanza kumtajia jina la mashine, akanikata: "Mwanangu, jina halinisaidii. Lete kitu chenyewe." Akapima, akachonga kwa tupa kipande cha alumini kama kilichokatika. Nikamwomba, "Mzee, si uniwekee ya chuma kigumu isikatike tena?" Akakataa katakata. "Hii ikikataa kukatika, itaumia kranki. Na kranki utaipata wapi?" Jioni ile mashine iliwaka mvuto wa pili.

Tangu hapo siulizi tena "spea ya moa". Beringi ina namba ubavuni: 6203, kwa mfano, ni milimita 17 ndani, 40 nje, unene 12, iwe imetoka kwenye pikipiki au mashine ya kufulia. Oili sili, zile pete za mpira zinazozuia oili kuvuja, nazo huandikwa vipimo. Kamba ya kuwashia nilinunua ya nailoni kwa wauza vifaa vya uvuvi, na inadumu.

Kuna mawili usijaribu. La kwanza, kuchomelea bledi iliyopasuka. Bledi ya sentimita 46 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Kipande kikikatika hapo ni risasi, na watoto wanapenda kusimama kutazama. La pili, kufunga kwenye moa injini ya pampu ya maji, zile za aina ya Honda GX160 ambazo spea zake zimejaa mjini. Niliwahi kuifikiria. Shafti yake imelala, ya moa imesimama. Huwezi kuigeuza hivi hivi, oili haitafika inapotakiwa.

Kabla hujatumia hata shilingi, ng'oa waya wa plagi na uufunge mbali. Ukiilaza mashine, kabureta na kichujio cha hewa viwe upande wa juu, la sivyo oili itavimwagikia. Kisha zungusha bledi polepole kwa mkono uliovaa glavu, uangalie bolti iliyo kwenye ncha ya shafti. Ikitulia katikati, kranki imenyooka, tafuta kii. Ikiyumba, hata kidogo, kranki imepinda. Wapo watakaokwambia wataigonga inyooke; mimi singekubali, mtikisiko wake utakula beringi na huenda shafti ikakatika bledi ikiwa kasi.

Ikiwa imepinda, hapo ndipo ununue nyingine, ila kwa mawe yetu ningechukua mashine ya kufyekea ya begani yenye uzi wa nailoni. Uzi ukigonga tumbawe unakatika wenyewe, unavuta mwingine, unaendelea. Uwanja hautakuwa laini kama zulia, lakini nyasi za masika zitakatwa.

Flaiwili ikikugomea kutoka, usiyapige nyundo yale mapezi ya kupooza, yanavunjika upesi. Mpelekee mtu mwenye pula, kile kifaa cha kuivuta itoke. Kii ikitoka, ipige picha karibu na rula utuwekee hapa, nikutazamie vipimo.