Kinda Pancha Anayerusha Maili 98 kwa Saa: Umchukue au Umwache?

Dirisha la kubadilishana wachezaji katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani (MLB) hufungwa karibu na mwisho wa Julai, na maswali ya wiki hii yote yanamhusu mtu wa aina moja: mrushaji (anayemtupia mpigaji mpira) kijana mwenye kipaji kikubwa na faili nene la hospitali.

Swali: Kiwiko na bega, kipi kinatisha zaidi kwenye faili la kinda?

Bega, tena kwa mbali. Kiwiko kina tiba inayojulikana. Ligamenti ya upande wa ndani ikichanika, daktari hutoboa mfupa wa juu wa mkono na ule wa chini, kisha hupitisha kano aliyoitoa kwenye kigasha au paja la mchezaji mwenyewe. Frank Jobe alimfanyia Tommy John upasuaji huo Septemba 1974. John akarudi uwanjani 1976 na kushinda michezo mingine 164.

Bega ni shughuli nyingine. Kichwa cha mfupa kimekaa kwenye kikombe kifupi, na kinachokishika ni ukingo wa gegedu, mfuko wa kiungo na misuli midogo. Daktari akikaza mno, mkono haurudi nyuma vya kutosha na kasi inapotea. Akiacha kulegee, panachanika tena. Johan Santana alishonwa mfuko wa bega 2010. Tarehe 1 Juni 2012 aliichezea New York Mets mchezo mzima bila kuruhusu hiti (pigo linalomfikisha mpigaji kituoni) hata moja, kwa mipira 134. Kabla ya msimu wa 2013 mfuko ukachanika tena, na MLB hakurudi.

Ukiona kwenye faili maneno "vidole kufa ganzi" au "mkono kuchoka upesi", simama hapo. Huenda mishipa inabanwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, na tiba yake mara nyingi ni kuutoa huo ubavu. Stephen Strasburg alisaini dola milioni 245 Desemba 2019, akafanyiwa upasuaji wa aina hiyo 2021, na katika mkataba wote huo alianza michezo 8 tu.

Swali: Timu inayomtoa mchezaji inaweza kuficha majeraha yake?

Ilishatokea. Julai 2016 San Diego Padres walimpeleka mrushaji Drew Pomeranz Boston Red Sox wakampata Anderson Espinoza, mrushaji wa Venezuela mwenye miaka 18. Baadaye ikabainika kwamba Padres hawakutoa taarifa zote za matibabu, na Septemba MLB ikamsimamisha meneja mkuu wao, A.J. Preller, siku 30 bila malipo. Mwezi uleule wa Julai, Padres walimpeleka mrushaji mwingine, Colin Rea, Miami. Katika mchezo wake wa kwanza akatoka na maumivu ya kiwiko, na ndani ya siku chache akarudishwa San Diego. Miami nao wakarudishiwa kinda waliyekuwa wamemtoa, Luis Castillo.

Kwa hiyo msiridhike na muhtasari. Ombeni picha za MRI zenyewe, za zamani na za sasa, daktari wenu azilinganishe mwenyewe. Ombeni orodha ya dawa na sindano zote, hata vidonge vya kupunguza uvimbe, kwa sababu dawa husema yale ambayo ripoti imenyamazia. Kisha tazameni takwimu za uwanjani: kasi ya mpira wake wa kwanza na wa themanini katika mchezo mmoja, na mahali mkono unapouachia mpira. Mkono unaoshuka sentimita chache kila wiki ni mkono unaokwepa maumivu.

Lakini hata faili safi halimalizi hatari, na dili la Espinoza linaonyesha hivyo. Upande uliolalamika, Boston, ulipata kilichokuwa na thamani: Pomeranz alishinda michezo 17 mwaka 2017. Kinda aliyekuja Padres akapasuliwa kiwiko 2017, akapasuliwa tena 2019, na MLB akaifikia 2022 akiwa na Chicago Cubs.

Swali: Kinda tunayemtaka ana miezi 11 tangu apasuliwe kiwiko. Tumchukue sasa akiwa bei nafuu, au tusubiri arudi?

Mchukueni sasa, kama ni upasuaji wa kwanza na bei ni nafuu kweli. Kwa kawaida mrushaji huanza kurusha polepole mwezi wa nne au wa tano, hupanda kwenye kilima cha kurushia mwezi wa nane au wa tisa, na mechi za kweli huja kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Miezi 11 ni wakati mbaya wa kumhukumu. Kasi hurudi mapema na kuwadanganya watu. Shabaha ndiyo hurudi mwisho. Akirusha maili 97 huku mpira ukipaa nje ya eneo la straiki (mbele ya mpigaji, mpira unapotakiwa kupita), msimu mmoja kwenu utakuwa wa kumvumilia.

Kinachoharibu hapa ni haraka. Mwaka wa kwanza baada ya kurudi mpangieni raundi 80 hadi 110 (mchezo mmoja una raundi 9), apumzike siku tano au sita kati ya mechi, na hesabu ya mipira ifuatwe hata akiwa anawika. Kama ni upasuaji wa pili, punguzeni bei kwa nusu au msogee pembeni. Wapo waliorudi, ila wengi wao hawakubeba tena mzigo wa mwanzo.

Swali: Wanataka mpigaji wetu wa kila siku, aliyebakiza miaka 4, kwa kinda huyo mmoja. Bei ni sawa?

Hapana. Piga hesabu. Klabu humshikilia mchezaji miaka 6 ya huduma katika MLB kabla hajawa huru. Upasuaji mmoja wa kiwiko hula mwaka na kitu, na mwaka unaofuata ni wa kumbana raundi. Hapo miaka miwili kati ya sita imeondoka. Mpigaji wenu anacheza michezo 150 kati ya 162. Mrushaji anayeanza hupata kama 30 akiwa mzima kabisa.

Dai idadi ya wachezaji. Mfano mzuri ni wa Julai 2018. Tampa Bay Rays walimtoa Chris Archer, mrushaji aliyekuwa anaaminika kuliko makinda wote waliotajwa, wakachukua watatu kutoka Pittsburgh: Austin Meadows, Tyler Glasnow na Shane Baz. Glasnow akapasuliwa kiwiko 2021, Baz 2022. Yaani waliovunjika ni wawili kati ya watatu, na bado Rays walifaidi, kwa kuwa Meadows aliitwa kwenye kikosi cha nyota 2019, na Glasnow, hata na majeraha yake, aliwapatia Ryan Pepiot walipompeleka Dodgers Desemba 2023. Na yule Archer wa kuaminika? Alipasuliwa 2020 kwa tatizo lilelile la ubavu na mishipa. Katika kazi hii mkongwe naye ni hatari. Tofauti ni kwamba hatari yake hatuiiti kwa jina.

Baz aliingia kwenye dili hilo kama "mchezaji atakayetajwa baadaye". Tumieni mlango huo kwa kijana wa ligi za chini: kubalianeni orodha fupi ya majina, na sheria inawapa hadi miezi 6 ya kuchagua. Mnapata muda wa kuona nani anarusha na nani amekaa kitandani.

Swali: Akiumia, nafasi yake kikosini inakuwaje?

Kama yumo kwenye kikosi cha watu 40 (orodha kuu ya klabu), msimu ukiendelea mnaweza kumweka orodha ya majeruhi ya siku 60 na nafasi ikafunguka. Mtego uko Novemba: orodha hiyo huvunjwa siku tano baada ya World Series (fainali ya MLB), naye anarudi kula nafasi kipindi chote cha baridi. Pia, akiuguzwa kwenye orodha ya MLB analipwa mshahara wa MLB na miaka yake ya huduma inahesabiwa. Akiumia akiwa ligi za chini, kwa kawaida saa hiyo haitembei. Kabla ya kusaini, ulizeni amebakiza misimu mingapi ya kuteremshwa ligi za chini. Sheria inatoa mitatu.

Swali: Si afadhali tumfanye mrushaji wa akiba wa raundi moja?

Msianzie hapo. Raundi 60 kwa mwaka hazifiki thamani ya 160, na raundi moja ya nguvu zote haiulindi mkono: anarusha kwa kasi ya juu kabisa, wakati mwingine siku mbili mfululizo. Garrett Crochet alianza kama wa akiba Chicago White Sox, akapasuliwa kiwiko 2022, kisha 2024 akapewa kazi ya kuanza mechi akawatoa wapigaji 209 kwa straiki katika raundi 146. Desemba mwaka huo Boston ilitoa makinda wanne kumpata.