Shemeji katutajia 1,350,000 ya milango miwili, nami nimeshampa kianzio fundi mwingine

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Uyole, Mbeya, na mume wangu. Milango yetu ya nje, wa mbele na wa nyuma, imeoza chini kwa mvua. Wa nyuma usiku tunauegeshea ndoo ya maji. Mume wangu kampa kazi mdogo wake ambaye ni seremala, naye katutajia 1,350,000: milango miwili ya mninga, fremu, vitasa na kufunga. Nikiomba mchanganuo anasema, "Shemeji, niamini." Jirani yangu kanunua mlango Mwanjelwa kwa 180,000! Nikimwambia mume wangu tunaibiwa, anajibu kwamba siwapendi ndugu zake. Basi nikachukua 150,000 kwenye kikoba nikampa fundi mwingine kianzio. Mume hajui. Nifanyeje?*

Mama Watatu, Uyole

Marahaba mwanangu. Huyo fundi wa pili alikuja kupima saa ngapi? Maana mlango haupimwi kwa simu. Kama alifika na futi kamba yake mchana kweupe, basi mtaa wenu mzima unajua habari hii isipokuwa baba watoto. Kwa hiyo leo hii, kabla hujalala, mwambie wewe mwenyewe. Unamdai shemeji yako aweke hesabu mezani na wewe umeficha 150,000 yenye marejesho ya kikoba. Siku mumeo akiisikia kwa mtu mwingine, hoja yako yote kuhusu bei itakufa, hata kama una haki.

Tena haki yenyewe unayo nusu tu. Mlango wa jirani ulikuwa wa mbao gani? Ulikuja na fremu? Kitasa? Kuna aliyeufunga kwa hela hiyo hiyo? Muulize vizuri, utakuta amenunua mlango mtupu, na huenda ni wa paini. Paini siidharau, imejaa huku kwetu kwa sababu shamba la Sao Hill liko Mufindi, na kwa milango ya vyumbani inatosha kabisa. Ila ukiiweka nje bila dawa, mchwa na maji wanagawana. Mkaratusi nao ni mgumu lakini hupasuka na kupinda unapokauka. Mninga sifa yake ni kutulia: ukishakauka vizuri, hauvimbi wala kusinyaa sana. Mvua zetu zinaanza Novemba mpaka Aprili, halafu Juni na Julai ni baridi kavu na upepo. Mlango wa mbao mbichi Januari unaung'ang'ania mpaka uupige bega, Julai unaona mwanga wa nje pembeni.

Kwa hiyo bei ya shemeji, kwa kazi aliyoitaja, haijanishtua. Kilichonishtua ni hilo la "niamini". Fundi yeyote anayejua kazi anaweza kukaa chini na kuandika: mbao za fremu hizi, mbao za milango hizi, vitasa na bawaba, vanishi, ufundi wangu, na kung'oa fremu za zamani pamoja na kurudishia plasta. Hilo la plasta ndilo watu hulisahau, wakajikuta wanatafuta na fundi ujenzi wakati hela imeisha.

Lakini wewe usiende kumdai. Mwachie mumeo, naye asiende kama mkaguzi. Aseme tu, "Mdogo wangu, tutakwenda wote kuchagua mbao." Mwenye mbao alipwe moja kwa moja na atoe risiti, vitasa mnunue wenyewe dukani, na shemeji alipwe ufundi wake: nusu akianza, nusu milango ikishafungwa na funguo ziko mkononi. Hapo hakuna aliyeitwa mwizi. Kama alikuwa amepandisha bei ya mbao, itashuka yenyewe bila ugomvi. Na kama hakupandisha, utamwomba radhi kimoyomoyo. Akigoma kabisa kwenda kuchagua mbao, basi hata mumeo atakuwa na la kujiuliza, na halitakuwa limetoka kinywani mwako.

Kabla ya hapo, chukua bisibisi uchome fremu zenu chini kabisa, karibu na sakafu. Ikizama, fremu imeoza, lazima itoke. Ikigoma pande zote, mnabadilisha milango mitupu na gharama ya fremu na plasta inaondoka. Na sioni kwa nini mlango wa nyuma uwe wa mninga. Kama uko chini ya kibaraza na mvua haiupigi, paini kavu iliyowekwa dawa na kupakwa vizuri itawafaa, mkiongeza komeo la maana kwa ndani. Mninga uweke mbele, kwenye mvua na wageni.

Hapo ndipo fundi wako wa siri anapopata kazi, mumeo akikubali. Mpigie kesho. Kama hajakata mbao, mwambie asimame kwanza, na ile 150,000 iwe kianzio cha mlango wa nyuma. Kama ameshakata, kaulize amekata nini na kwa kipimo gani, nawe uende na mumeo, si peke yako. Shemeji atanuna kidogo kwa kugawiwa kazi nusu. Atazoea.

Milango ikifika, kabla haijafungwa, ilazeni muangalie ukingo wa chini. Mafundi wengi hupaka vanishi mbele na nyuma wakauacha huo mkavu kwa sababu hauonekani, na maji huingilia hapo hapo. Upakwe mara mbili, na wa juu pia. Wa mninga udai bawaba tatu, maana ni mzito.