Feni ya oveni inaendelea kuzunguka baada ya kuzima

Dada wa Mwanga, usiite fundi kwanza. Umesema ukizima oveni feni inaendelea kuvuma, hiyo ni feni nyingine kabisa, kazi yake ni kupooza mwili wa oveni na nyaya zake, ikishapoa inakata yenyewe, we iache tu usichomoe plagi. Ile unayoiona ndani ukutani kwa nyuma ndo ya kuokea, inasukuma hewa ya moto izunguke chakula pande zote so trei ya juu na ya chini zinaiva karibu sawa, na kwa vile moto unafika haraka shusha nyuzi 20 hivi, kwenye resipe wakiandika 180 we weka 160, la sivyo biskuti zinaungua pembeni. Oveni nyingi ukifungua mlango feni hii ya ndani inasimama, kawaida hiyo. Samaki kama migebuka, au kuku unayetaka ngozi ikauke, washa feni bila kufikiria. Keki laini ya mayai mengi mi ningezima feni, upepo unaikausha juu kabla katikati haijapanda. Ila kama ya ndani haizunguki kabisa na umechagua alama ya feni, au inakwaruza, hapo sasa mwite fundi, na umeme uchomolewe kabla hajaigusa.