Pembe ya gramafoni imegeuka nyekundu baada ya ndimu na chumvi

Swali: Shikamoo fundi. Nimerithi gramafoni ya pembe ya marehemu babu, niko nayo hapa Tanga. Pembe ni ya shaba, ilikuwa imefifia na shingoni ina kutu ya kijani. Niliisugua upande mmoja kwa ndimu na chumvi, kama tunavyosugua masinia. Iling'aa siku hiyo hiyo, lakini baada ya siku chache ikatoka mabaka mekundu. Mkono unaobeba sindano ulikuwa mweupe kama fedha. Nao nikausugua kwa majivu na sasa njano inachungulia. Nifanyeje ing'ae kama mpya, na nipake nini isirudi kufifia?

Jibu: Marahaba. Ndimu hizo zirudishe jikoni, na majivu usiyaguse tena. Hujaharibu sana, ila mambo mawili yamekutokea kwa mkupuo na kila moja lina dawa yake.

Nianze na mabaka. Hiyo shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Asidi ya ndimu ikishirikiana na chumvi huila zinki kwanza, na kinachobaki juu ni wekundu wa shaba tupu. Sinia halijali, maana ni nene na wiki ijayo utalisugua tena. Pembe ni shaba nyembamba kama bati. Halafu chumvi haikutoka yote: imejificha kwenye mikunjo na kwenye maungio, na kwa hewa yetu ya pwani inaendelea na kazi ukiwa umelala. Ndiyo maana mabaka yalikuja baada ya siku kadhaa, si papo hapo.

Kwa hiyo kwanza toa chumvi. Vua kichwa cha sindano ukiweke mbali, kwa sababu ndani yake mna kiwambo, yaani utando mwembamba unaotoa sauti, mara nyingi cha madini ya ulanga (maika), na mipira midogo ambayo maji na dawa huiua. Chomoa pembe, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha isuuze mara tatu au nne kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri ya gari. Dukani taja wazi kwamba unataka ya kuongezea. Ukisema "maji ya betri" tu unaweza kupewa asidi. Kausha kwa kitambaa, halafu iache juani saa moja.

Sasa chukua sumaku. Ikinasa kwenye pembe, hiyo si shaba, ni chuma kilichopakwa utando mwembamba wa shaba, na hapo kazi yako imeishia kwenye kufuta vumbi na kupaka nta. Isiponasa, tazama umbo la mabaka ya kahawia. Yakiwa na kingo kali kama visiwa kwenye ramani, ujue pembe ilitoka kiwandani na vanishi, na vanishi hiyo imebanduka hapa na pale. Jaribu sehemu iliyojificha kwa pamba yenye asetoni: pamba ikinata na kuwa ya manjano, ni vanishi. Lakini angalia ndani ya pembe kabla ya yote. Pembe za zamani nyingi zilichorwa maua ndani, na asetoni haitofautishi vanishi na ua.

Kama ni vanishi na hakuna michoro, itoe yote kwa asetoni, nje ya nyumba, mbali na moto wa aina yoyote. Usiache vipande. Baada ya hapo saga chaki laini iwe unga usiokwaruza kati ya vidole, changanya na spiriti mpaka iwe kama uji mzito, na sugua kwa fulana kuukuu ya pamba. Fuata mzunguko wa pembe. Ukisugua mara huku mara kule, mwanga wa taa utakuumbua. Wekundu ulio juujuu utatoka kwa dakika chache. Ukisugua mahali padogo kama sarafu kwa robo saa na bado pana wekundu, umezama. Uache. Ukiendelea utakuwa unaondoa shaba nzima kuutafuta ugonjwa.

Utaambiwa utumie dawa ya kopo. Zenye harufu kali ya amonia mimi siziweki kwenye pembe. Shaba ya njano iliyokunjwa na kukandamizwa hubaki na mkazo ndani yake, na amonia huifanya ipasuke penye mkazo huo. Jeshi la Waingereza kule India, karne ya 19, liliona maganda ya risasi ya shaba yakipasuka yenyewe stoo wakati wa masika. Amonia ilitoka kwenye mazizi ya farasi jirani. Nyuzi za chuma za kusugulia masufuria nazo hapana: huacha chembe za chuma ndani ya shaba na chembe hizo hushika kutu. Na usiipeleke kwa mwenye mashine ya kung'arisha. Niliwahi kufanya ujinga huo nikiwa kijana. Gurudumu lilidaka ukingo wa pembe, likanipokonya mkononi, na nilipoiokota sakafuni ilikuwa na mkunjo ambao hadi leo nikiupitishia kidole nauhisi. Mwenyewe alinyamaza tu, na afadhali angenitukana.

Kutu ya kijani ya shingoni ichokonoe kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, ukipitisha spiriti. Taratibu, kwani vipande vya pembe huungwa hapo kwa lehemu, na lehemu ni laini kuliko shaba.

Mkono. Weupe ule ni nikeli iliyochovywa juu ya shaba, nayo ni nyembamba mno. Ulichokiona kikichungulia ndicho kilichokuwa chini siku zote, na hakuna dawa ya kusugua itakayorudisha nikeli iliyokwisha kulika. Kuna watu watachovya upya, lakini lazima waondoe nikeli yote iliyobaki kwanza, na mkono utatoka mng'avu kiasi cha kuaibisha mashine nzima. Mimi ningeuacha na njano yake. Mahali palipolika ndipo babu yako alipokuwa akishika kila alipogeuza santuri.

Hapa niseme jambo usinichukie: nina hakika na yako kwa kuwa ni ya urithi, ila madukani kwa watalii zimejaa gramafoni mpya zenye picha ya mbwa, zilizotengenezwa India kwa kuigiza, pembe zinang'aa kama sinia la harusi. Watu huzichukua kuwa ndio kipimo cha usafi. Pembe ya zamani ikisafishwa vizuri ina rangi ya asali.

Kuhusu kinga, vanishi au nta. Vanishi hudumu miaka, lakini ukiipuliza hewa ikiwa na unyevu inageuka ukungu mweupe na inabidi uitoe yote. Kwa Tanga subiri siku kavu za kaskazi, puliza kabla ya adhuhuri, tabaka mbili nyembamba, na kabla ya hapo futa kwa asetoni na usishike tena kwa mkono mtupu. Alama ya kidole ikifunikwa na vanishi itaila shaba chini yake kwa starehe. Nta ni rahisi zaidi, paka nyembamba kwa kitambaa, ngoja ikauke, futa, rudia kila baada ya miezi minne au mitano. Kwa pembe yenye mabaka kama yako nachagua nta, kwa sababu wekundu ukirudi utaushughulikia bila kubomoa kila kitu.

Magurudumu ya shaba ndani ya mashine usiyang'arishe. Meno yake yakipungua, santuri itapiga kwa kuyumba. Yafute kwa mafuta ya taa, yakauke, uyape tone la mafuta ya cherehani. Springi iachie mpaka ilegee kabisa kabla hujafungua skrubu yoyote. Ikifyatuka inakata vidole.

Na lile bamba dogo lenye namba na jina la kiwanda, hilo hata chaki usilitie. Pamba kwenye kijiti, mate kidogo, uzungushe taratibu. Usicheke, wahifadhi wa makumbusho nao husafisha hivyo.