Kabla hujailaumu kingamwili ya HIF-1α

Wadogo zangu, mnaitafuta HIF-1α (protini inayojaa kwenye seli oksijeni ikipungua) kwa western blot, na utando ukitoka mweupe bila mstari mnakimbilia kusema kingamwili imekufa. Mara nyingi iliyokufa ni sampuli, na muuaji ndiye huyo anayelalamika.

1. Oksijeni ikiwepo, vimeng'enya huitia HIF-1α alama kwenye amino asidi zake mbili, prolini 402 na 564, protini ya VHL huidaka, proteasomu (kinu cha seli cha kuvunjia protini) huitafuna. Dakika 5 tu zinatosha kupoteza nusu yake. Sahani ya seli ikishatoka kwenye chemba ya oksijeni asilimia 1, huna muda wa kutafuta kalamu ya lebo.

Mimi nilizitoa zote kwa mpigo, nikazipanga mezani kwa kufuata saa zilizokaa chembani, za saa chache mbele, za saa nyingi nyuma. Nikaanza kuziosha moja moja, bafa ya joto la chumba, huku napiga soga. Mistari ikatoka imeshuka ngazi kwa ngazi, ya mwisho patupu. Nikafurahi! Na kwa kuwa HIF-1α huweza kushuka kweli seli zikikaa muda mrefu bila oksijeni, hakuna aliyenishtukia. Nikaipeleka kwenye kikao cha maabara, slaidi ina hadi mshale mwekundu. Mtu mmoja tu, tena wa nyuma kabisa, akauliza: uliosha kwa mpangilio gani? Nilirudia jaribio nikianzia sahani za saa nyingi, na ngazi yangu ikageuka kichwa chini miguu juu: iliyosubiri zaidi hewani ndiyo iliyopotea. Mshale wenyewe nilikuwa nimeshamtumia msimamizi.

2. Pasueni seli humo humo chembani, au mkizitoa, mwageni maji ya kukuzia haraka-haraka, sahani moja kwa wakati, kisha bafa ya moto yenye SDS (sabuni ya kupasulia seli).

3. Kontroli, yaani sampuli za kulinganishia, si pambo. Seli zilizowekewa DMOG au kobalti kloridi, kemikali zinazozuia vile vimeng'enya, zina HIF-1α hata kwenye hewa ya kawaida, kwa hiyo mstari ukionekana huko na usionekane kwenye za chemba, kingamwili haina kosa. Seli za 786-O (za saratani ya figo) zina HIF-2α, ndugu yake, bila HIF-1α. Mstari ukitokea humo, hapo sasa mna haki ya kumpigia muuzaji.

4. Hesabu ya amino asidi inasema kilodaltoni 93, ila kwenye jeli itafuteni kati ya 110 na 120. Mstari mnene wa chini unaofanana kila mahali si wenu. Juzi kuna mtu kakata utando kwenye 100, akatupa kipande cha juu, akashinda akikingoja cha chini kiwake. Simtaji, kwa sasa anamimina jeli mpya.