"Hisa" za ushindi wa mechi ya kriketi: ni biashara au ni kamari?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mtu wa Mombasa, nafanya kazi ghalani huko Sharjah, na wenzangu wa chumbani ni watu wa kriketi. Wamenifundisha soko la ubashiri kwenye simu: unanunua hisa ya "Ndiyo" au ya "Hapana" juu ya timu itakayoshinda mechi ya siku moja, na unaweza kuiuza kabla mechi haijaisha. Kabla sijaingia tulitumiwa sauti ya mtu akisema kwamba hii ni biashara, na kwamba hata Sayyidna Abubakar aliwekeana dau. Mwanzoni nilipata, nikamwezekea mama nyumba kwa mabati. Sasa nimepoteza mishahara miwili, na mama nimemwambia kuwa kampuni imechelewesha. Je, naweza kuendelea mpaka nirudishe nilichopoteza, kisha niache?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Mwanangu, uharamu wa kamari unaujua, na aya ya 90 ya Suratul Maida umeisoma tangu chuoni, kwa hiyo sitakurudisha huko. Kilichonisumbua ni hiyo sauti, ambayo imenifikia hata mimi, na nimeona vijana wenye akili zao wakiisikiliza kwa kutikisa vichwa.

Tuitazame hisa yenyewe. Unanunua "Ndiyo" kwa senti 40; timu ikishinda unalipwa dola 1, ikishindwa huna kitu. Dola hiyo imetoka wapi? Yuko mtu usiyemjua aliyenunua "Hapana" kwa senti 60, na senti zako 40 pamoja na zake 60 ndizo dola yenyewe, inayongoja mmoja wenu aondoke mikono mitupu. Baina yenu hapakupita tende wala ngamia. Hiyo ndiyo kamari kama walivyoieleza mafakihi: kila upande uko baina ya kuchukua mali ya mwenzake na kupoteza yake. Msemaji anajitetea kwamba hapa hakuna kampuni inayopanga bei, bali ni wanunuzi wenyewe kwa wenyewe. Waarabu wa Jahiliya waliogombea nyama ya ngamia kwa mishale, wao walikuwa na kampuni gani?

Anasema pia kwamba unaweza kuuza katikati ya mechi. Katika ova ya 30 (ova ni zamu ya mipira sita) wapinzani wanapoteza wiketi, yaani mpigaji wao anatolewa, bei inapanda kutoka 40 hadi 65, nawe unauza. Ulichofanya ni kumwachia mwenzio kiti chako cha kamari na kumtoza kiingilio. Mwaka 1992 Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah liliamua kwamba kuuza na kununua fahirisi ya soko la hisa, yaani ile namba inayopima bei za hisa kwa jumla, ni kamari tupu, na fahirisi angalau ina makampuni nyuma yake. Atakayeleta hoja ya salam, ambayo Mtume (s.a.w.) aliwakuta nayo watu wa Madina wakilipia tende mwaka mmoja au miwili mbele, akaiwekea masharti, na atuambie: mnunuzi wa salam mwishowe hupokea tende, wewe unapokea nini?

Ama dau la Abubakar (r.a.), lilikuwa juu ya ahadi ya Mwenyezi Mungu katika Suratu Rum kwamba Warumi watashinda, na katika riwaya ya Tirmidhi imetajwa wazi kuwa hilo lilikuwa kabla ya dau kuharamishwa. Wapo waliosema kwamba hukumu yake imebaki, akiwemo Ibn Taymiyya, lakini ni kwa dau la kuinusuru dini. Ushindi wa Pakistan dhidi ya India unanusuru nguzo gani ya Uislamu?

Wanaojivunia ujuzi wa mchezo nawakumbusha Kombe la Dunia la kriketi huko Pune, India, 29 Februari 1996, Kenya iliyopata mikimbio 166 ilipowashinda vigogo West Indies, walioishia 93, na Maurice Odumbe akawa mchezaji bora wa mechi. Mwaka 2004 huyo huyo alifungiwa miaka 5 kwa uhusiano wake na watu wa kamari. Dau likishafika uwanjani, ujuzi wa aliye kitandani na simu una thamani gani?

Kuhusu kuendelea ili urudishe: hapana, mwanangu, hata hisa moja. Hizo fedha hutazipata ila mfukoni mwa kijana mwingine, ambaye pengine naye amemwambia mama yake kwamba mshahara umechelewa. Mabati yaache juu ya nyumba. Ulipata ukiwa umeaminishwa kuwa ni halali, na Mola amesema juu ya riba kwamba aliyefikiwa na mawaidha akajizuia, ni chake kilichopita; wapo wanavyuoni walioipima kamari kwa aya hiyo, nami ninawafuata, wala mama usimtie wasiwasi na paa lake. Salio lililobaki kwenye programu litoe leo: rasilimali ni yako, ziada wape maskini.

Kisha mpigie mama. Si lazima umweleze kriketi ni kitu gani, lakini mwajiri umemsingizia, na hilo lazima uliondoe kwa ulimi wako mwenyewe. Mwezi huu ukilipwa, mtumie yeye kwanza kabla hujarudi chumbani. Kutazama mechi sikukatazi, tena uko mji wenye uwanja ulioandaa mechi nyingi za siku moja kuliko uwanja wowote duniani. Ila kwa sasa, usiku wa mechi, nenda msikitini kwa Isha na simu uiache imezimwa kabatini. Wallahu a'lam.